Vitu vya mikono, vya kale na vya chakavu kwa ajili ya nyumba: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Tuna karakana Moshi. Tunakarabati fanicha za zamani, tunatengeneza taa, viti na vyombo kwa mbao, chuma na chupa zilizokwisha kutumika, na tunauza kazi za mafundi na akina mama wa Kilimanjaro na Arusha. Majibu haya ni ya yeyote anayepanga nyumba yake, awe atanunua kwetu au kwa mwingine.

Vitu hivi si vya watalii?

Hapana, na hili tunalisisitiza kuliko jambo lingine lolote. Ukipita Soko la Maasai pale Fire Road, Arusha, utaona vitu vingi vimepunguzwa ili viingie kwenye begi la msafiri. Kigoda hata mtoto hawezi kukikalia. Sinia halitoshi ubwabwa wa watu wawili. Fundi hana kosa, anatengeneza kinachonunuliwa, na mnunuzi wake anapanda ndege kesho. Wakianza kuja wanunuzi wenye sebule kwenye mitaa yetu ya Soweto, Majengo, Sakina na Njiro, kigoda kitarudi kuwa cha kukalia.

Nyumba za wazazi wetu zilijaa kazi za mikono: vitambaa vya kufuma juu ya makochi, mkeka wa ukindu, chungu cha maharage, kinu na mchi, kata ya kibuyu ya kunywea mbege. Tuliviweka stoo tukaleta plastiki. Sisi tunataka virudi sebuleni na jikoni, vitumike, vichakae na vitengenezwe tena. Kwa hiyo ukienda sokoni usichague tu kilichopangwa mezani. Mwambie fundi vipimo vya nyumba yako: urefu wa kigoda, upana wa kikapu, rangi za shanga unazozipenda. Wengi hufurahi sana kupewa kazi ya namna hiyo, na mara nyingi ndipo unapoona uwezo wao halisi.

Nianzie wapi kutafuta vitu vya kale?

Anzia kwa bibi. Kabla hujatoa hata shilingi moja sokoni, omba ruhusa uangalie stoo, darini na kwenye banda la nyumba ya ukoo. Familia nyingi za Machame, Kibosho, Marangu na Old Moshi zilinunua vitu vizuri kwa fedha za kahawa: makabati ya mbao ngumu, masanduku ya bati yaliyopakwa rangi, cherehani za miguu, taa za kandili, redio za mbao. Chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilianza mwaka 1933, na kabla yake wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao, KNPA, tangu 1925. Hiyo ni miaka mingi ya malipo ya kahawa kugeuka kuwa vitanda na meza. Vingi bado vipo, vimefunikwa magunia au vimebeba ndoo za maji.

Sokoni, kwa Moshi nenda Memorial na Kiboriloni. Huko nguo ni nyingi kuliko vyombo, lakini mapazia, mashuka ya pamba nzito, sahani na vikombe vya udongo hupatikana kwa anayewahi asubuhi. Arusha zunguka Mbauda, Kilombero na Kwa Mromboo. Tengeru ina siku zake, Jumatano na Jumamosi, na ni pazuri kwa vyungu na vikapu. Watumishi wanaohamishwa na wageni wanaorudi kwao huuza fanicha nzuri kwa haraka, basi acha jina lako kwa madalali na walinzi wa mitaa wanayokaa.

Nitajuaje kama kitu ni cha zamani kweli?

Kigeuze. Upande wa mbele hupambwa, lakini chini na nyuma husema ukweli. Meza iliyotumika miaka mingi imelika kwenye miguu, na droo yake imelika pale inapoteleza. Mbao za nyuma ya kabati la zamani zina alama za randa ya mkono, si uso ulionyooka kabisa wa mashine. Skrubu zenye mfereji mmoja huwa dalili nzuri, ila zenye kichwa cha nyota zinaonyesha kazi ya baadaye au matengenezo. Angalia pia pembe za droo: fundi wa zamani aliunganisha kwa meno ya mbao yaliyoshikana, wa leo mara nyingi anapiga misumari na gundi.

Maandishi husaidia kuliko kitu chochote. Chombo chenye neno Tanganyika kinaangukia kati ya 1920, nchi ilipopewa jina hilo, na 1964, jina la Tanzania lilipoanza. Chenye maandishi ya Deutsch-Ostafrika, jina la koloni hili enzi za Wajerumani, kimetangulia utawala wa Waingereza. Cherehani ya Singer ina namba iliyogongwa kwenye chuma, na kwa namba hiyo mwaka wa kutengenezwa kwake unaweza kutafutwa kwenye orodha za kiwanda. Mizani inayosoma ratili kwa kawaida ni ya zamani kuliko inayosoma kilo. Ukikuta redio ya Philips usiidharau, kwani kampuni hiyo iliwahi kuwa na kiwanda hapa hapa Arusha.

Jihadhari na mpingo wa uongo. Kuna wanaochonga mti mweupe kisha wanaupaka dawa ya viatu nyeusi. Paka spiriti kidogo kwenye pamba, sugua sehemu ya chini: rangi ikitoka, si mpingo. Mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mara nyingi fundi huacha ukanda wa njano wa pembeni mwa gogo uonekane. Mti mweupe uliochongwa vizuri ni kazi halali kabisa ukiuzwa kwa jina lake.

Nimepata mlango wa kale wa nakshi. Naweza kumuuzia mtu wa nje?

Simama kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 imetajwa humo waziwazi. Kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Uliza mamlaka ya mambo ya kale kabla ya kupokea malipo ya awali, maana ukishakula fedha ya mtu utashawishika kufumba macho.

Pembe za ndovu, magamba ya kobe wa baharini na ngozi za wanyamapori hatugusi, hata mtu akisema ni urithi wa babu. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Tangu Novemba 2019 kazi zilizokamilika zimesamehewa vibali vya mkataba huo mzigo mmoja usipozidi kilo 10 za mbao hiyo. Mgeni anayenunua sanamu moja hana shida upande huo. Anayejaza kreti ana shughuli ya kufuata.

Vyuma chakavu mnavitoa wapi? Mnajuaje si vya wizi?

Swali zuri, na tungependa kila mnunuzi aliulize. Tunanunua kwa wenye magulio ya skrepa wanaojulikana, Unga Limited kwa Arusha na kwenye gereji za Moshi: springi za magari, rimu, minyororo ya pikipiki, mapipa. Hatununui kitu chochote cha reli, mfuniko wa mtaro, alama ya barabarani, nyaya za shaba zilizochunwa wala kipande cha nguzo ya umeme. Taa nzuri ya sebuleni haiwezi kuwa nzuri kama imeacha shimo barabarani la kumvunja mtu mguu.

Kwa fanicha kubwa kutoka majumbani, tunaandikishana. Jina la muuzaji, nakala ya kitambulisho, na kama kitu ni cha urithi, ndugu mmoja zaidi atie sahihi. Palipo na shaka tunaomba barua ya mwenyekiti wa mtaa. Wengine wanaona ni usumbufu, lakini kabati la marehemu linalouzwa na kijana mmoja bila shangazi zake kujua ni ugomvi unaokufuata mpaka kwako.

Mbao za paleti ni salama?

Nyingi, ndiyo. Tafuta muhuri wenye picha ya suke la ngano. Herufi HT maana yake mbao ilipashwa moto kuua wadudu, nayo tunaitumia. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu, na hiyo hatuileti ndani ya nyumba. Isiyo na muhuri, au yenye madoa ya mafuta na harufu ya kemikali, iache ifanye kazi nje. Kitanda cha mtoto tusikitengeneze kwa mbao ambayo hatujui ilibeba nini.

Naogopa kunguni kwenye fanicha za mtumba.

Una haki ya kuogopa. Kunguni huishi miezi bila kula, kwa hiyo kabati lililokaa stoo muda mrefu si lazima liwe safi. Chukua tochi ya simu, chunguza kwenye maungio, matundu ya skrubu, chini ya droo na mikunjo ya kitambaa. Madoa madogo meusi kama ya wino, maganda mepesi ya rangi ya kahawia na mayai meupe ni ushahidi wa kutosha.

Sisi kila kochi linaloingia linavuliwa nguo yote mpaka kwenye fremu. Sponji na kitambaa cha zamani havirudi. Fremu inapigwa mvuke kwenye kila mwanya, kwa sababu joto la zaidi ya nyuzi 50 likifika walipo kwa muda wa kutosha linaua kunguni pamoja na mayai yake, ilhali dawa nyingi za kupuliza huyaacha mayai. Kisha linakaa pembeni, mbali na vitu vingine, tukilitazama. Usimwage mafuta ya taa. Nyumba nyingi zimeungua kwa njia hiyo. Na godoro la mtumba usinunue kabisa, hata likiwa rahisi namna gani.

Kwa wadudu wanaotoboa mbao, dalili ni unga laini chini ya matundu madogo. Futa unga, subiri siku kadhaa. Unga ukirudi, wadudu wapo hai: dawa ya mbao iingizwe tundu kwa tundu kwa bomba la sindano.

Nisugue rangi ya zamani kwa msasa?

Si kwa msasa mkavu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Tumia msasa wa maji, uso ukiwa umelowa, vaa barakoa, tandika turubai chini, na watoto pamoja na mama mjamzito wakae mbali. Usiichome rangi kwa moto. Kama rangi imeshika vizuri na haibanduki, safisha tu, kisha pitisha rangi mpya au vanishi juu yake.

Meza ya bibi imechakaa. Mnaweza kuifanya mpya kabisa?

Tunaweza, lakini tutakushauri usifanye hivyo. Wateja wengi wanataka uso unaong'aa kama kioo, na fundi mwenye haraka atakupa: atarandua milimita kadhaa, atapaka vanishi nene, na alama zote za miaka zitaondoka pamoja na ile rangi ya ndani ambayo mninga au mkulo huipata kwa muda mrefu tu. Hiyo rangi hairudi.

Tunavyofanya sisi ni hivi. Kwanza kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo sana, kikamuliwe vizuri, halafu kikavu mara moja. Uchafu wa moshi wa jikoni peke yake huficha nusu ya uzuri wa mbao. Meza inakauka kivulini, siku kadhaa. Ukiianika juani itapinda au kupasuka, hasa kama imetoka kwenye ubaridi wa milimani na kushuka mjini. Kisha maungio: yaliyolegea tunayafungua, tunakwangua gundi ya zamani, tunaunga upya na kubana kwa jiliwa. Msumari ni njia ya mkato inayopasua mbao. Mguu uliooza chini tunaukata na kuunga kipande cha mti wa aina hiyo hiyo, na tunaacha kiungo kionekane.

Mwisho ni nta. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa juu ya maji ya moto, ikichanganywa na mafuta ya kitani, inapakwa nyembamba na kusuguliwa kwa kitambaa cha pamba mpaka mkono uchoke. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike, yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze yakauke, au yazamishe majini. Meza ya nta haivumilii sufuria ya moto, lakini doa lake linafutika kwa nta nyingine, ilhali vanishi iliyobabuka inakulazimisha kuanza upya.

Fanya kazi hizi nje ya Masika. Kati ya Machi na Mei mbao zimevimba, droo hazifungi, gundi inachelewa, na kinachobana Aprili kinaweza kuchezacheza Septemba.

Chupa, makopo na matairi: kipi kinafaa kutengenezea vitu vya nyumbani?

Chupa za soda na bia zenye dhamana rudisha dukani. Zitajazwa tena, na hiyo ni kazi bora kuliko yoyote tutakayozipa. Zinazobaki ni za mvinyo, pombe kali na mafuta. Arusha ndipo penye karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007, ambako watu wenye ulemavu huyeyusha vioo vilivyotupwa na kuvigeuza kuwa shanga, glasi na mapambo. Nenda ukaone watu wakipuliza kioo mbele ya tanuri inayowaka. Utaelewa kwa nini glasi ya mkono haifanani na jirani yake.

Nyumbani, chupa hukatwa kwa kuchora mstari kwa kikata vioo, kisha kuipasha kwa maji ya moto na ya baridi kwa zamu hadi iachie. Ukingo usuguliwe kwa msasa wa maji, miwani ikiwa machoni. Hata hivyo glasi hiyo iwe ya mshumaa au maua, si ya kunywea.

Tairi linajulikana hapa kwa katambuga, kiatu kinachomudu mawe na miiba kuliko viatu vingi vya dukani. Kwa nyumba, tairi lililooshwa, likazungushiwa kamba ya katani na kuwekewa mto juu, ni kiti imara cha barazani. Chumbani kwa mtoto hatuliweki kwa sababu ya harufu. La bustanini litobolewe chini, maana maji yakituama mbu wa dengi watazaliana humo. Na usinunue kwa anayechoma matairi kupata waya.

Sufuria za aluminiamu chakavu iliyoyeyushwa zinafaa kupikia?

Hatuziuzi. Aluminiamu inayoyeyushwa kutoka mchanganyiko wa vipande vya injini na betri inaweza kuwa na risasi, na vyakula vyenye uchachu, nyanya, ndimu, ukwaju, huitoa. Pipa lililobeba kemikali pia si la maji wala la kuchomea nyama. Ukitaka chombo cha mikono cha kupikia, chukua chungu.

Kibuyu cha Kimaasai nilichonunua kinanuka moshi. Nikioshe kwa nini?

Usikioshe kwa sabuni. Harufu hiyo ndiyo usafi wake: ndani husuguliwa kwa kijiti cha mzeituni pori chenye kaa la moto, ili maziwa yakae na yapate ladha. Kama utakiweka sebuleni, futa nje kwa kitambaa kikavu, kipake mafuta kidogo. Kilichopasuka kikashonwa kwa uzi ni cha thamani zaidi machoni petu. Mtu alikipenda kiasi cha kukishona.

Vitambaa vya kufuma vya mama vimekuwa vya njano.

Loweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche iliyokwanguliwa, suuza bila kukamua, rudia. Jiki hukata nyuzi za pamba za zamani, usiitumie. Ukitaka visimame vizuri, chovya kwenye uji mwepesi wa unga wa muhogo, tandaza juu ya taulo na uvute kila ncha mahali pake.

Vipande vya kitenge na kanga waombe mafundi cherehani. Wengi huvitupa jioni. Kwa kushona mto au blanketi la viraka, fua kila rangi peke yake kwanza, maana nyekundu mpya ikiingia kwenye nyeupe hutaitoa.

Na vikapu?

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kikapu kimerudi mkononi, nasi tunashukuru. Vya Iringa husukwa kwa milulu, vingine kwa ukindu. Adui ni ukungu: vianike juani kila baada ya mvua nyingi.

Je, ni kweli picha za Tingatinga zilianza kwa vitu vya bei rahisi?

Kweli. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, vitu vya ujenzi na gereji. Alifariki 1972, na mtindo ukabaki. Ukiwa na ubao wa dari uliobaki kwenye ujenzi, mpelekee mchoraji wa Arusha na umwambie akuchoree shamba lenu la migomba badala ya simba.

Kwa nini kigoda chenu ni ghali kuliko kiti cha plastiki?

Kwa sababu kimekula siku za fundi. Tukikuuzia tutakueleza mbao zimegharimu nini na fundi amelipwa nini, ukiuliza. Kupatana ni sawa, sote ni watu wa soko, ila usimlinganishe mama anayesuka na mashine. Ukiona bei ni kubwa, omba kitu kidogo zaidi au lipa kwa awamu.

Nataka kuanza kazi hii. Nipate wapi mafunzo na mtaji?

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kwa ufundi; SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa zana na ushauri wa biashara. SIDO ipo tangu 1973 na ina ofisi mikoa yote miwili. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Nanenane pale Njiro ni pazuri kupima kama watu wanapenda unachotengeneza. Lakini kabla ya yote, kaa na fundi mzee mmoja, umwamkie, ushike ubao akipiga randa.

Nina kitu cha ukoo, sitaki kukiuza.

Vizuri. Muulize aliye hai aliyekijua: kilinunuliwa wapi, nani alikitengeneza, kilikuja kwa ndoa ya nani. Andika kwa penseli chini yake au kwenye karatasi ndani ya droo. Usibandike kwa selotepu, gundi yake huacha doa. Kisha kitumie.

Mnasafirisha?

Moshi na Arusha tunaleta wenyewe. Mikoani tunatuma kwa basi au lori: miguu inafunguliwa, pembe zinafungwa kwa magunia, na picha za kila upande zinapigwa mbele yako au zinatumwa kabla mzigo haujaondoka. Vioo na vyungu vikubwa hatuvipakii kwenye basi. Njoo na gari, na blanketi mbili.